Pikapu ya umeme niliyoingojea Ottawa

Nipo Bububu, Unguja, kwa mama, likizo, na kila anayekuja kunijulia hali anauliza habari za gari. Ami ndiye aliyechimba zaidi: bei gani, inatiwa umeme wapi, na kwa nini mtu angoje gari zaidi ya mwaka wakati Canada magari yamejaa madukani. Nimeshamjibu kwa mdomo, lakini binamu zangu walioko Toronto nao wananiuliza hayo hayo, basi bora niandike.

Mimi ni seremala. Ottawa kazi yangu ni milango na sakafu za mbao, na vyombo vyangu vyote vinataka umeme. Ford walipoionyesha F-150 Lightning, ndiyo pikapu yenyewe ya umeme, tarehe 19 Mei 2021, wengi walizungumzia mbio zake. Mimi niliziona soketi. Betri yake ndogo inabeba uniti 98 na kubwa uniti 131, yaani kilowati-saa, uniti hizi hizi za umeme mnazonunua kabla kwa Tukuza. Ikiwa na soketi zenye nguvu ya kilowati 9.6, gari inaendesha msumeno na kompresa, na umeme ukikatika inaweza kubeba hata nyumba.

Aliyekuwepo Unguja Desemba 2009 hatouliza kwa nini jambo hilo lilinishika. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba, na wakati ule tulikuwa tunategemea waya wa mwaka 1980. Mwaka 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Mara hii giza likaenda hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, maji yakakatika, tukawa tunazunguka na madumu. Mama alikuwa na friza ya kuuzia barafu na malai kwa watoto wa skuli. Akaigeuza kabati ya kutilia unga na mchele. Waliokuwa na jenereta waliringa kidogo, kisha bei ya petroli ikawanyamazisha. Toka siku hizo mimi umeme uliowekwa akiba nyumbani nauheshimu kama maji ya kisima.

Basi nikaweka dola 100 za Canada, ambazo ukibadili nia ulikuwa unarudishiwa. Zile hazikununua gari, zilikuweka kwenye foleni tu. Na foleni ilikuwa ndefu: hadi Desemba 2021 walioweka nafasi walikaribia 200,000, Ford wakafunga mlango. Magari yakaanza kutoka kiwandani Dearborn, Michigan, Aprili 2022, na watu tukawa tunaitwa kwa mafungu kuja kuagiza.

Hesabu yenyewe haikukaa sawa hata siku moja. Ile ya kazi, inayoitwa Pro, ilitangazwa Canada kwa dola 58,000. Juu yake kuna kodi ya mauzo ya Ontario, asilimia 13, yaani dola 7,540 nyingine. Serikali ya shirikisho ilikuwa inatoa punguzo la dola 5,000, lakini kwa gari ambayo bei yake haivuki kiwango fulani, kwa hiyo bei ikipandishwa moyo unapanda nayo. Muuzaji wa kwanza alitaka nimuongeze maelfu juu ya bei ya kiwanda, eti kwa sababu magari ni machache. Nilikataa, nikahamia kwa muuzaji wa mji mdogo nje ya Ottawa. Yule alinipa bei ya kiwanda, pamoja na mkono wa salamu.

Katikati ya kungoja, tarehe 21 Mei 2022, ukapiga upepo mkali Ontario na Quebec, ule wanaouita derecho. Nguzo za umeme Ottawa zililala barabarani. Nyumbani kwetu kuku na samaki wa friza tuligawa kwa waliokuwa na umeme, vyengine tukatupa. Mke wangu akaniambia, baba, nunua jenereta yaishe. Maneno yake yalikuwa na haki, lakini sikutaka kulipia kelele na moshi wakati gari yangu imo foleni.

Ilikuja mwisho wa mwaka huo, baridi imeshaingia. Unafunua boneti, hakuna injini, kuna sanduku la lita 400 na soketi zake. Baridi kali inaila betri kweli kweli: kwenye karatasi gari yangu inakwenda kilomita 370, na Januari nimeona karibu theluthi ikipotea. Ndiyo maana naichomeka usiku na kuipasha moto ikiwa bado kwenye waya.

Tarehe 5 Aprili 2023 ikanyesha mvua ya barafu, nayo ilikuwa Ramadhani. Matawi yaliganda yakawa mazito, yakaangukia nyaya, na mtaa mzima ukazimika kabla ya magharibi. Nikairudisha gari kinyumenyume mpaka karibu na dirisha la jiko, nikapitisha waya, ule mwanya wa dirisha nikauziba kwa taulo. Kwanza friji. Kisha friza. Kisha taa ya meza na jiko dogo la sahani moja. Mke wangu akasimama anaitazama ile sahani mpaka ilipokuwa nyekundu, ndipo akaweka sufuria ya uji. Tulifuturu kwa uji na mihogo ya nazi. Jirani yetu mzee anayejipiga sindano za insulini alileta dawa zake zikae frijini kwetu, akakaa akala na sisi. Asubuhi nilipoangalia skrini ya gari, betri ilikuwa imeshuka kidogo tu.

Ami anasema niilete huku. Haifai. Usukani uko kushoto, urefu wake unakaribia mita 6, na kwenye kichochoro cha kwa mama haipindi. Lakini Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60 na baridi hatuna, kwa hiyo pikapu ndogo ya umeme yenye usukani kulia ingetutosha sana, hasa wavuvi na wauza mboga.

Kwa binamu zangu: lile punguzo la dola 5,000 lilisimamishwa Januari 2025 fedha zake zilipokwisha, msipige hesabu kwa kutumia yangu. Na mkipata ya kununua, tafuteni yenye zile soketi za kilowati 9.6 kabla ya kuangalia rangi na viti.

Kwa mama nimeshaulizia Mwanakwerekwe betri na inveta ya kubeba friza moja usiku kucha. Fundi anataka kujua inakula wati ngapi, na kibandiko cha nyuma kimefutika, kwa hiyo Jumamosi anakuja na mita yake kuipima.