Mashimo matupu nayo ni kazi

Watu wakisikia nafanya kazi za akiolojia swali huwa lile lile, vipi, dhahabu mmeshaipata? Jamani hapana. Juzi nimerudi kusini huko pwani ya Lindi, siku kumi na moja juani, nilichopata kwa wingi ni kupe na mashimo matupu.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu akitaka kupitisha bomba au kujenga gati anatakiwa afanye tathmini ya athari kwa mazingira, iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na humo humo mambo ya kale yanaangaliwa, maana kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ambayo inalinda mpaka kigae cha chungu ilimradi kilitengenezwa kabla ya 1863. Sasa hicho kigae hakijioneshi chenyewe, ndo tunaitwa sisi tuje tutembee.

Na ni kutembea kweli. Mnajipanga mstari, mnaachiana hatua kadhaa, macho chini, mnapita porini kwenye miba bila kukwepa, ukikwepa umeruka sehemu. Kwa pwani ukiona mibuyu imekaa kikundi punguza mwendo, mara nyingi hapo pana watu walishakaa. Halafu kila baada ya umbali fulani mnachimba kashimo, nusu mita kwa nusu mita, udongo wote unapita kwenye chekecheke. Unapata makombe, mkaa, vigae, ukibahatika shanga. Mwaka wangu wa kwanza niliokota kitu cheusi kizito kina matundu matundu nikakitupa nikijua jiwe bovu, msimamizi akanirudisha nikakitafute, kumbe yalikuwa mavi ya chuma, ule uchafu unaobaki chuma kikiyeyushwa, yani pale watu waliyeyusha chuma! Nilitafuta saa nzima na aibu juu.

Ila mara nyingi shimo ni tupu. Unaandika tupu, unachukua GPS, unapiga picha, unafukia, unaenda la pili. Kuna mteja mmoja aliwahi kutuuliza mbele ya watu, sasa kama hamkukuta kitu tunawalipa nini? Bosi wangu akamfungulia ramani akamwambia hivi vidoti vyeupe vyote ndo njia yako ya kupita, hivi vyekundu vitatu ukivigusa na greda kazi inasimama. Akanyamaza. Mimi ningeongeza maneno, bora aliongea yeye.

Majini mambo ni mengine kabisa, na mie sio mzamiaji, nakaa kwenye boti natapika. Boti inaenda inarudi inaenda inarudi kama mtu anapiga matuta, nyuma inavuta sona ya kupiga picha ya sakafu ya bahari kwa sauti, na magnetometa ambayo inashtuka ikipita juu ya chuma. Tatizo inashtuka kwa chuma chochote, mzinga wa Mreno na pipa la mafuta la mwaka jana kwake ni kitu kimoja, mpaka mtu azame akaone. Na kukuta meli sio lazima uitoe. Ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama 1697 mbele ya Fort Jesus, Mombasa, wakati Waomani wameizingira ngome, ilichimbwa kuanzia 1977 mpaka 1980, misimu minne ya watu kuzama, na mbao iliyokaa chumvini miaka yote hiyo ukiiacha ikauke ovyo inapasuka na kujikunja. Ndo maana mkataba wa UNESCO wa 2001 unasema cha kwanza kufikiria ni kuiacha pale pale ilipo. Bomba linaweza kupinda, meli haiwezi.

Sasa safari hii sona ilikuwa haijaleta kitu cha maana, siku ya mwisho jioni tumekaa bandani pwani tunasubiri chai, kuna mzee mvuvi nilimpa shikamoo tukaanza stori, akaniuliza mjukuu wangu mnatafuta nini na hako kasamaki kenu ka waya? Nikamweleza. Akacheka, akasema mbona pale kwenye mkondo nje ya mstari wenu nyavu zinanasa tangu enzi za baba yake, na mwamba hakuna. Tuliomba nusu siku ya nyongeza, tukapewa kwa manung'uniko. Ikatokea rundo, refu, limekaa peke yake kwenye mchanga, mawe yamejaa katikati kama yale ya kutuliza jahazi. Inaweza ikawa mawe tu.

Kusi imeshaanza kuvuma, hapo hazamii mtu saivi, tunasubiri maji yatulie. Mzee ameniagiza nikirudi nimchukulie nyavu mpya, ile yake ya mwisho anasema wazamiaji wataikuta huko huko chini.