Chungu cha ajon chini ya miamba ya Nyero

Jumamosi nikiipata isiyo na msiba wala harusi, huondoka Mbale, mashariki mwa Uganda, alfajiri kwa teksi ya barabara ya Soroti, nikashuka mji wa Kumi na kutembea yapata kilomita 8 kwa njia ya Ngora hadi kwenye miamba ya Nyero. Wenzangu hudhani kwamba ninafuata michoro ya kale. Michoro ninaipenda, lakini kinachonitoa kitandani ni chungu.

Ajon, pombe ya wimbi ya Wateso ambayo sisi wa mjini tumezoea kuiita malwa, haisafirishiki ikishakuwa tayari. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji na kuachwa uchache kwa siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati pana hadi uwe kahawia, ukaanikwa juani, na ukishakauka unaweza kukaa ghalani muda mrefu. Siku pombe inapotakiwa, hutiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena siku mbili tatu. Halafu machicha yote huingia chunguni bila kuchujwa, maji ya moto yakamiminwa juu yake, na wanywaji wakachomeka mirija yao mirefu yenye kichujio kilichofumwa kwenye ncha. Maji yakipungua huongezwa mengine, na kila nyongeza ina ladha yake: ya kwanza nzito, chachu, yenye harufu ya kukaangwa; ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo bora; ya nne ni joto tu. Uingereza kuna chama kilichoanzishwa mwaka 1971 kutetea bia inayoendelea kuchacha ndani ya pipa lake. Nadhani wanachama wake wangeielewa ajon haraka kuliko baadhi ya jamaa zangu wa Mbale, wanaoiona kuwa kinywaji cha wazee.

Mwanzoni nilikosea mpangilio. Nilianzia kilabuni, nikapanda mwamba saa nane mchana, tumbo limejaa maji moto, nikateremka kwa makalio mbele ya watoto waliokuwa wakichunga mbuzi. Tangu siku hiyo kutembea hutangulia. Pango la kwanza lina miduara myeupe, mmoja ndani ya mwingine; la pili, lililo kubwa zaidi, lina miduara myekundu pamoja na maumbo yanayofanana na mitumbwi, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu kivuli chake ni kizuri na kwa sababu wenyeji walikuwa wakipeleka hapo maombi ya mvua. Juu ya mwamba nchi ya Teso inaonekana ilivyo tambarare, mtu asiamini kwamba asubuhi ileile ameuacha Mlima Elgon mgongoni.

Kilabu ninachokipenda ni banda la nyasi lisilo na kibao. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, wala haupulizwi mpaka chungu kitoe mapovu. Mgeni hupewa nafasi na mrija kabla ya kuulizwa jina, na kuanzia hapo ni mazungumzo ya bei ya karanga na ng'ombe, ambayo hayana haraka, kwa kuwa ajon hainyweki kwa kusimama.

Mara ya mwisho nilifika nikakuta chungu kimoja tu, kimefunikwa. Niliamkia, nikaomba kuonja. Mama mwenye kilabu alifunua, akanusa, akafunika tena.

"Mwanangu, hii bado mtoto. Rudi kesho kutwa."

Nilimsihi kwamba nimetembea kutoka Kumi. Akanipa viazi vitamu vya kuchemsha na maji ya kunywa, lakini chungu hakukigusa tena. Kesho kutwa yake ilikuwa Jumatatu, na niliomba ruhusa kazini kwa sababu ambayo sitaiandika hapa.