Neno "run" na maana zake lukuki

Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lililochapishwa mwaka 1989, kitenzi "set" ndicho kilichopewa maelezo marefu kuliko vyote, kikiwa na maana zipatazo 430. Lakini wahariri wa toleo la tatu walipofikia "run", walihesabu maana 645 za kitenzi hicho peke yake.

Mwanafunzi hufundishwa kwanza kuwa "run" ni kukimbia, na hapo ndipo anapopotea. Pua inayotiririka kamasi, nguo iliyolowekwa ikachuja rangi, injini inayowaka, mkataba ambao muda wake haujaisha, mwanasiasa anayewania kiti, meneja anayeendesha kampuni, hata soksi ndefu iliyofumuka uzi mmoja ukaacha mstari kutoka gotini hadi kisiginoni: vyote hivyo hubebwa na kitenzi kimoja. Nyingi kati ya maana hizi, nionavyo mimi, zimezaliwa na wazo la mwendo usiokatika, na ujio wa mashine, treni na baadaye kompyuta ukaziongeza maradufu, kwa kuwa kila chombo kipya kilihitaji kitenzi na hiki kilikuwa tayari mdomoni mwa watu. (Soksi, nakiri, inahitaji subira kidogo kuielewa.)

Kukariri orodha hakusaidii sana. Afadhali kutazama maneno yanayokiandama, kwani "run out" ni kuishiwa, "run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, na "run over" ni kumgonga kwa gari.