Kuchora shuka la viraka kwa rangi za maji

Kati ya 1935 na 1942, uchumi wa Marekani ulipoanguka, serikali iliwalipa wachoraji waliokosa kazi wachore vitu vya kale vya watu wa kawaida: wanasesere, samani, na kwilti, yale mashuka ya viraka yenye pamba katikati. Michoro ipatayo 18,000 imehifadhiwa National Gallery of Art, Washington. Wakati ule picha za rangi za kamera hazikuaminika. Hata leo, kwangu, brashi ina kazi yake: inakulazimisha uhesabu mishono.

Namna yao inafaa kabisa kwa mashuka ya viraka vya kitenge, na kwa vitambaa vya kudarizi vya makochi ya Iringa na Mbeya.

Tandaza shuka mezani, dirisha liwe kushoto. Usilitundike, uzito wake utavuta viraka vipinde. Laza nyuzi juu yake kila sentimita 10, wima na mlalo, kisha chora miraba ya sentimita 2.5, mmoja kwa kila mraba wa nyuzi, kwenye karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ruwaza hujirudia, kwa hiyo chora robo moja yenye kona na pindo, pamoja na kiraka kimoja kwa ukubwa wake halisi.

Kazi ngumu ni mishono. Kila mshono wa mkono huzamisha kitambaa, na kati ya mistari pamba huinuka. Anayeanza huweka nukta nyeusi tu, shuka likaonekana kama karatasi iliyotobolewa. Paka kwanza rangi nyepesi ya kiraka. Ikikauka, weka kivuli chembamba upande wa kulia wa kila mwinuko. Uzi uje mwisho, kwa ncha ya brashi namba 1. Fundi hodari hufikisha mishono 8 hadi 10 kwa inchi: hesabu, usikadirie. Nyeupe ni karatasi yenyewe, iache.

Juni na Julai baridi ya Mbeya huchelewesha rangi kukauka. Ukiharakisha tabaka la pili, nyekundu huingia kwenye njano na kingo za viraka hupotea. Gusa kwa mgongo wa mkono: pakiwa baridi kuliko ukingo usiopakwa, subiri. Usisogeze jiko la mkaa karibu ili kuikausha. Karatasi hujikunja na majivu hunata.

Palipochakaa pachore vilevile, na rangi iliyopauka ibaki imepauka. Ila chungulia ndani ya mshono, ambako jua halikufika, upake kimraba cha rangi ya awali pembeni. Vipimo na mahali shuka liliposhonwa viandike nyuma kwa penseli. Wino ukiloa huvuja hadi mbele.