Gramu Hukaa Wapi? Ujenzi wa Gari Langu Jepesi la Kupanda Miamba

Gari la rimoti la kupanda miamba nililoanza nalo lilikuwa na uzito wa kilo 2.9 pamoja na betri, na kila nilipolipeleka kwenye jabali lenye mwinamo mkali lilirudia jambo lile lile: magurudumu ya mbele yalinyanyuka, gari likasimama wima kwa nukta moja, kisha likaanguka chali. Nilibadilisha mota, nikabadilisha na matairi, na bado liliendelea kuanguka. Siku niliyoamua kulipima ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa nguvu wala mshiko, bali mahali uzito ulipokaa.

Upimaji wenyewe hauhitaji vifaa vya ajabu. Niliweka mizani mbili za jikoni kwa usawa mmoja, ekseli ya mbele juu ya moja na ya nyuma juu ya nyingine, nikaona kwamba mbele palibeba asilimia 44 tu ya uzito wote. Kisha nilizuia shokomzoba zisicheze, nikalisimamisha gari juu ya ubao na kuuinua ubao taratibu kwa upande mpaka lilipokaribia kupinduka, ambapo pembe ilikuwa digrii 46. Kwa kuwa nusu ya upana wake ni milimita 105, hesabu ya pembetatu ilinipa kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ni kama uzito wote umekusanyika, kilicho milimita 101 hivi kutoka chini. Ekseli zake zilikuwa zimeachana kwa milimita 313, kwa hiyo gari la namna hiyo, hata likiwa na matairi yanayonata kama gundi, lazima lipinduke kwenye mwinamo wa digrii 54 hivi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea pia, kwa kudhani kwamba wepesi peke yake unaongeza mshiko. Uzito ukipungua, nguvu inayoyakandamiza matairi kwenye mwamba hupungua vilevile, na mshiko hushuka pamoja nayo. Faida ya wepesi ni nyingine: kila gramu inayoondolewa juu hukishusha kitovu cha uzito, mota na gia hupunguziwa kazi, na gari linapoanguka halivunjiki kirahisi. Kwa sababu hiyo niliamua kupunguza bila huruma sehemu zote zilizo juu ya ekseli, huku ekseli zenyewe nikiziacha na uzito wake, na ya mbele hata nikaiongezea.

Chasisi mpya niliikata kwa mkono kutoka bamba la nyuzi za kaboni lenye unene wa milimita 3, pande mbili zilizounganishwa na bamba la plastiki ngumu tumboni, ambalo huteleza juu ya mawe badala ya kukwama. Yeyote atakayekata kaboni na avae barakoa na alilowanishe bamba kwa maji, kwa maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kingo nilizipiga msasa na kuzipaka gundi nyembamba ili nyuzi zisianze kuchanika. Jambo moja lilinigharimu jioni nzima: kaboni hupitisha umeme na huziba mawimbi ya redio, na mimi nilikuwa nimekificha kipokezi katikati ya pande hizo mbili, antena ikiwa imekunjwa ndani, hivyo gari likawa linapoteza mawasiliano hatua chache tu kutoka nilipo. Nilipoitoa antena nje ndani ya mrija wa plastiki, tatizo liliisha.

Betri kubwa ya zamani niliiacha nikachukua ya lithiamu polima yenye seli 3, volti 11.1 na miliampia-saa 850, isiyofikia gramu 100. Nimeilaza mbele kabisa, juu kidogo ya ekseli, mahali ambapo gari la kawaida huweka injini. Bodi ni ya plastiki nyembamba ya polikaboneti ambayo nimeikata mpaka ikabaki kofia tu. Mikono ya chini inayounganisha ekseli na chasisi, ambayo hukwaruzwa na mawe kila wakati, ni ya titani, na ya juu ni ya alumini. Ndani ya vitovu vya magurudumu ya mbele nikatia pete za shaba nyeupe, kwa kuwa gramu zilizo chini namna hiyo ni hazina.

Kuhusu gia, difu zote mbili zimefungwa, yaani magurudumu ya kulia na kushoto huzunguka pamoja, na nimeweka uwiano wa meno 30 kwa 8 mbele na 33 kwa 8 nyuma, ili magurudumu ya mbele yazunguke asilimia 10 zaidi ya yale ya nyuma. Tofauti hiyo huifanya ekseli ya mbele ilivute gari juu na kulisaidia kukata kona, ingawa kwenye ardhi tambarare yenye mshiko mzuri inazilazimisha gia zishindane bure, na kwa gari la kutembea njia ndefu nisingependekeza.

Gari lililokamilika lina uzito wa kilo 1.75, asilimia 58 ya huo ikiwa mbele. Kwenye ubao linafika digrii 53 kabla ya kupinduka kwa upande, maana yake kitovu cha uzito kimeshuka mpaka milimita 79, na kwa hesabu ile ile linaweza kukabili mwinamo wa digrii 66. Jabali lililokuwa likiliangusha sasa linapandika kwa mwendo wa kinyonga, na nilipoliona likifika kileleni kwa mara ya kwanza nilibaki nimeishika rimoti bila kusogea.

Bado lina kilema kimoja. Ninapokanyaga moto ghafla, nguvu ya propela, yaani shafti inayopeleka mzunguko kwenye ekseli, huisokota chasisi upande mmoja, na kwa sababu gari ni jepesi na springi zake ni laini, gurudumu moja la mbele hupoteza uzito pale ninapolihitaji zaidi. Ninakusudia kuhamishia sehemu ya upunguzaji wa gia kwenye ekseli, ili propela izunguke haraka ikiwa na msokoto mdogo. Ekseli mpya tayari ziko mezani zikisubiri kupimwa.