Mwanao Atakapokuuliza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tulikuwa katika kitabu cha Kutoka, watoto wote wanne wakiwa mezani, kila mmoja na kazi ya kimo chake, na mkubwa wangu, ambaye mwaka huu ameanza masomo ya mantiki, akauliza swali ambalo limenikalia moyoni mpaka leo: ikiwa Bwana ndiye aliyeufanya mgumu moyo wa Farao, Farao aliadhibiwa kwa haki gani? Nilimwonyesha kwamba kabla ya sura ya 9 kusema hivyo, sura ya 8 inasema Farao mwenyewe aliufanya moyo wake kuwa mzito alipoona nafuu. Akaisoma mistari, akaikubali, kisha akasema, "Sawa, mama, lakini wewe unajuaje kwamba Mungu ni mwenye haki?" Wadogo zake wakaacha kuandika ili wasikilize.

Sisi tunaofundisha nyumbani kwa mtaala huu wa kale tunazijua hatua zake tatu: sarufi, ambapo mtoto hukariri, mantiki, ambapo huhoji, na balagha, ambapo hujifunza kunena kwa ufasaha. Hatua ya kwanza hutupendeza mno, kwa sababu mtoto mdogo anayetaja minyambuliko ya Kilatini na Zaburi ya 23 bila kukosea huwafurahisha wageni (na mzazi, tusifichane). Hatua ya pili inapofika, mtoto yule yule huanza kutubishia, nasi tuliolelewa katika nyumba ambamo kumhoji mkubwa kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu tunamnyamazisha, ilhali ni sisi tuliomnunulia kitabu cha mantiki.

Torati haimnyamazishi. Tunapenda kuinukuu Kumbukumbu la Torati sura ya 6, lakini wengi wetu huishia pale inapotuagiza tuwafundishe watoto wetu kwa bidii. Endeleeni mpaka mstari wa 20, mtamkuta mtoto anayeuliza maana ya amri hizo. Yumo pia katika usiku wa Pasaka, Kutoka 12, na mbele ya mawe 12 yaliyotolewa Yordani, Yoshua 4. Bwana alimwekea mtoto nafasi ya kuuliza, na jibu ambalo mzazi anaagizwa alitoe halianzi na ufafanuzi wa sheria, bali linaanza hivi: "Tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri." Mtoto anauliza juu ya amri, naye mzazi anamsimulia wokovu.

Kwa hiyo nilifunga kitabu, nikawasimulia watoto wangu jambo ambalo hawakuwahi kulisikia: kwamba babu yao alituacha tukiwa wadogo, na kwamba kwa miaka mingi niliutunza uchungu ule hata nilipokuwa nikiimba kwaya, mpaka Bwana aliponilainisha moyo ambao sikuwa na nguvu ya kuulainisha mwenyewe, nikampigia simu babu yao na tukalia pamoja. Niliwaambia kwamba siwezi kuyaeleza yote ya Farao, ila moyo mgumu naujua kwa ndani, na ninamjua aliyenitoa humo. Wapendwa, hakuna mchapishaji wa mtaala anayeweza kutuuzia somo hilo. Simulieni! Wasimulieni madeni mliyolipiwa, magonjwa mliyoponywa, na maombi ambayo Bwana hakuyajibu kama mlivyotaka, kwa maana Zaburi ya 78 inatukataza kuwaficha wana wetu sifa za Bwana.

Na kwenu akina baba nina neno, mnisamehe. Sheria ya Texas tunapoishi inatudai kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema, wala haituletei mkaguzi mlangoni, na baadhi yenu mmeona kwamba mama akiyatimiza hayo, kazi imekwisha. Waefeso 6:4 imeandikwa kwa akina baba. Mtoto anayemsikia mama peke yake akimshuhudia Kristo ataanza kujiuliza kama baba ana lolote la kushuhudia.

Susanna Wesley, mama yake John Wesley mwanzilishi wa Umethodisti, aliyezaa watoto 19 na kuzika karibu nusu yao wakiwa wachanga, aliendesha shule nyumbani kwake Epworth, Uingereza, kwa utaratibu mkali, lakini pamoja na hayo alimtengea kila mtoto jioni yake ya kuzungumza naye peke yake. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi. Mwaka 1732, akiwa mtu mzima huko Oxford, John alimwandikia mama yake akimwomba tena sehemu ndogo ya Alhamisi ile. Kwetu nasi tumepanga zamu. Ya mkubwa ni Jumanne baada ya chakula cha jioni, na baba yake ndiye atakayeanza, kwa kuwa swali la Farao halijakwisha na tayari limezaa la pili, juu ya wazaliwa wa kwanza wa Misri.