Muziki umeingia darasani, ngoma zinaliwa na panya

Miaka 14 nje ya nchi, halafu unarudi Dodoma na kukuta shule yako ya serikali ina madarasa mapya na maabara. Ada imefutwa tangu 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 2022 wakaongezwa wa tano na sita. Hayo nayapongeza. Kilichoniuma ni stoo. Zile ngoma za muheme, za sisi Wagogo, zilizokuwa zikitetemesha mahafali zimelazwa kwenye saruji, ngozi zimekakamaa na kujikunja ukingoni, moja panya wameitafuna hadi kwenye vijiti.

Na sasa muziki si mambo ya Jumatano mchana tena! Mwaka 2024 tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano, zilitoka 16 zikafika 65, sanaa na michezo vikapewa makundi yao. Mtoto wa Kigogo atasomea muziki kwa kusikiliza spika?

Walimu, ziokoeni. Anzeni na mzinga, ule mti wa ngoma: ukiugonga ukamwaga unga wa mti, wadudu watoboa mbao wameshaingia, tengeni mbali na nyingine. Ngozi kavu ya mbuzi ilowekwe usiku kucha mpaka ilegee kama kitambaa. Iwambwe ikiwa mbichi, watu wawili wakivuta pande zinazotazamana, kijiti huku, kijiti kule. Mkianza upande mmoja mkaenda mkizunguka, itakaza huku na kulegea kule. Kisha ikae kivulini siku mbili tatu. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaianika juani ili iwahi. Jua letu mnalijua. Ngozi hujivuta ghafla, ikapasuka au ikang'oa vijiti.

Kabla ya kupiga, iota moto wa nyasi kavu huku ukiizungusha na kuigonga kwa vidole. Sauti ikipanda, iondoe. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua umechelewa. Mvua za Desemba hadi Aprili huilegeza ngozi, kwa hiyo ngoma ikae juu ya mbao au itundikwe, kamwe isikae sakafuni.

Ilimba nayo, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba: chuma ukikivuta nje kikawa kirefu, sauti inashuka, ukikirudisha ndani inapanda. Ule utando wa buibui unaoziba kitundu ndio unaoleta mvumo. Ukitoboka, ubadilishwe. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mtoto wa hapa hapa, aliupeleka muziki huu hadi Ulaya, na sisi tunauacha uote kutu.

Mwalimu wa muheme yupo. Ni ngoma ya wanawake, hubanwa katikati ya mapaja; waiteni bibi zetu wa Mvumi na Chamwino waje kufundisha wasichana, na walipwe.

Michezoni ni mbigili tu. Uwanja ung'olewe mbigili kabla hazijakomaa, maana zikishamwaga mbegu, UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, itawakuta watoto wanachomwa miguu.

Wazazi, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, selform, mfumo wa mtandaoni wa machaguo ya wanafunzi, hufunguliwa kubadili tahasusi. Keti na mtoto, someni orodha yote, msiishie PCB (fizikia, kemia, biolojia) na HGL (historia, jiografia, Kiingereza) tulizozizoea.

Na ngozi ombeni machinjioni. Igeuzeni mkaitazame dhidi ya mwanga: yenye mkato wa kisu, hata mdogo kama ukucha, iacheni, hapo ndipo itakapopasukia.